Uchambuzi wa kisa: fosfeti ilipofika sifuri katika tangi la matumbawe la nyumbani

Kisa hiki kinahusu tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe hai, lililo sebuleni kwa familia moja ya Waswahili wanaoishi katika mji wa pwani ya Ghuba. Jina la mwenye tangi, mji wenyewe, duka lililomshauri na tarehe za matukio vimeondolewa. Vipimo vya maji vimeachwa, kwa kuwa bila hivyo hakuna cha kujifunza. Niliitwa hali ikiwa imeshaharibika, nikalifuatilia tangi hadi lilipotulia. Yaliyotangulia kuitwa kwangu nimeyatoa katika daftari la mwenye tangi, ambaye ana mazoea mema ya kuandika kila kipimo na kila kitu anachotia majini.

Nakieleza kwa urefu kwa sababu tatizo la aina hii, yaani kuisha kwa naitreti na fosfeti, virutubisho vinavyotokana na chakula na kinyesi cha samaki, huwapata watunzaji makini zaidi kuliko wazembe. Mzembe huacha naitreti ipande, mwani ukaota, na matumbawe yakavumilia kwa muda. Mtu makini huiona namba kubwa, akakusanya njia zote za kuishusha kwa wakati mmoja, na baada ya wiki chache matumbawe yake yakawa hayana cha kula.

Usuli wa tangi

Tangi lilikuwa na maji halisi yapatayo lita 400, ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga na kujumlisha tangi la chini lenye skima ya povu (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa povu), soksi za kuchujia na pampu ya kurudishia maji. Lilikuwa na umri wa miezi 14. Ndani yake mlikuwa na samaki 7, konokono wa kula mwani wapatao 20, matumbawe magumu ya Acropora makoloni 5, Montipora 2, Euphyllia 1 kubwa, na matumbawe laini pembezoni. Matumbawe yote yalikuwa yamezalishwa shambani na kununuliwa kwa vibali, kwa kuwa biashara ya matumbawe magumu husimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Maji hayakuchotwa baharini. Ghuba ni bahari ya kina kifupi inayopoteza maji mengi kwa mvuke, na chumvi yake mara nyingi hupita gramu 40 kwa kila kilo ya maji, ilhali matangi ya matumbawe kwa kawaida huendeshwa kwenye 35. Basi mwenye tangi alikuwa akikoroga chumvi ya dukani kwa maji ya bomba yaliyopitishwa kwenye mashine ya RO, inayosafisha maji kwa kuyasukuma kupitia utando, na kisha kwenye resini inayonasa madini yaliyosalia. Chumvi aliyoichagua ilikuwa na ualkali (uwezo wa maji kuzuia asidi, unaopimwa kwa dKH) mkubwa, dKH 10.5, wakati maji ya bahari ya kawaida huwa karibu na dKH 7. Kwa zaidi ya mwaka jambo hilo halikuonyesha madhara yoyote.

Daftari linaonyesha kwamba kwa miezi mingi naitreti ilikaa karibu na miligramu 8 kwa lita, na fosfeti karibu na 0.06. Matumbawe yalikuwa yakikua, ncha za Acropora zikiwa nyeupe kwa ukuaji mpya, na kioo kilihitaji kupanguswa kila baada ya siku tatu au nne. Kwa macho yangu hilo lilikuwa tangi lenye afya.

Likizo na kupanda kwa virutubisho

Kama familia nyingi za Ghuba, hawa nao husafiri wakati wa joto kali la Julai na Agosti, na mwaka huo walirudi Afrika Mashariki kwa wiki saba. Tangi liliachwa kwa jirani aliyekuja mara mbili kwa wiki, na chakula kikawekwa kwenye mashine ya kulisha yenyewe. Mashine hiyo ilirekebishwa kwa haraka usiku wa kuamkia safari, ikawa inamwaga takribani gramu 3 za chakula kikavu kila siku, zaidi ya maradufu ya kile samaki walichozoea. Soksi za kuchujia hazikubadilishwa ipasavyo, na maji hayakubadilishwa kabisa.

Aliporudi alikuta mwani wa kijani kwenye mawe, kioo kimefunikwa, na matumbawe yamekuwa ya kahawia kidogo lakini yako hai na yamefunguka. Naitreti ilisoma 45. Kifaa chake cha kupimia fosfeti kilisoma 91. Alipeleka maji dukani nako wakampa fosfeti 0.28.

Tofauti kati ya 91 na 0.28 ina uzito mkubwa katika kisa hiki, ingawa wakati ule ilionekana kama jambo dogo. Kifaa chake hupima fosforasi, si fosfeti, na hutoa jibu kwa sehemu kwa bilioni. Ili kupata fosfeti kwa miligramu, jibu huzidishwa kwa 3.066 na kugawanywa kwa 1,000. 91 inakuwa karibu 0.28. Vifaa viwili vilikuwa vinasema kitu kimoja. Lakini yeye alikuwa ameacha kufanya hesabu hiyo tangu alipobadilisha kifaa, akaisoma 91 kama 0.09, na akahitimisha kwamba kifaa chake kinapunguza. Tangu siku hiyo hakukiamini tena kilipotoa namba ndogo.

Hatua alizochukua, na sababu zake

Kwa ushauri wa duka, na kwa hamu ya kulirudisha tangi katika hali yake kabla matumbawe hayajadhurika, alifanya mambo matano ndani ya wiki moja. Alipunguza chakula hadi chini ya kiwango cha kabla ya safari. Aliweka punje za oksidi ya chuma kwenye kichujio chake cha mrija, kiasi mara mbili ya kinachopendekezwa kwa ujazo wa tangi. Aliongeza nguvu ya skima ili itoe povu jepesi na jingi. Alianza kubadilisha robo ya maji kila wiki. Na alianza kutia siki nyeupe ya asilimia 5, mililita 20 kwa siku, akipanga kuongeza taratibu.

Kila hatua peke yake ina mantiki. Oksidi ya chuma hunasa fosfeti juu ya uso wa punje zake. Siki ni chakula cha bakteria: wanapokula kaboni yake huzaliana, na katika kuzaliana wanachukua naitreti na fosfeti kujenga miili yao, kisha sehemu ya bakteria hao hutolewa na skima. Ni njia iliyothibitika miongoni mwa watunzaji, na hufanya kazi vizuri inapoanzishwa polepole. Alichotaka mwenye tangi kilikuwa sahihi pia. Fosfeti ya 0.28 si ya kuachwa idumu katika tangi la Acropora.

Wiki ya pili kifaa kilisoma 3. Kwa kuwa kifaa cha aina hiyo kinaweza kukosea kwa takribani sehemu 5 juu au chini, jibu hilo halitofautiani na sifuri. Yeye aliona kifaa kimbovu kinachopunguza namba, akaacha punje zile zile mahali pake. Naitreti ilikuwa bado 38.

Matumbawe yanapauka

Wiki ya tatu aliandika daftarini kwamba Acropora mbili zimepauka upande unaoelekea taa. Huku si kule kupauka kwa ghafla kunakoonekana joto la bahari linapopanda. Rangi ilififia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, polipu (wanyama wadogo wanaolijenga tumbawe) zikawa hazitoki mchana, na ncha za matawi zikaanza kupoteza nyama, kipande chembamba cha mfupa mweupe kikionekana juu kabisa.

Hapa ulifanyika uamuzi uliogharimu zaidi kuliko yote. Mwenye tangi alitazama naitreti, akaona 30, na akaamini kwamba matumbawe yanaumwa kwa sababu maji bado ni machafu. Akaongeza siki hadi mililita 60 kwa siku. Naitreti ikashuka kwa kasi: wiki ya tano ilisoma 6, na wiki ya sita maji yaliyo kwenye kichupa cha kupimia hayakubadilika rangi hata kidogo. Akaandika "sifuri" na kuipigia mstari chini, maana ndiyo namba aliyokuwa akiitafuta.

Ute wa kahawia

Wiki ya saba mchanga ulianza kuwa na madoa ya kahawia yanayotokea saa chache baada ya taa kuwaka na kupungua usiku. Baada ya siku chache madoa yakawa ute, ute ukawa nyuzi ndefu zinazopepea kwenye mkondo wa pampu, kila uzi ukiwa na povu la hewa kwenye ncha yake. Konokono walianza kuanguka chali na kufa. Alidhani ni sayanobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea), akanyonya ute kwa mpira, akabadilisha maji zaidi, kisha akazima taa na kulifunika tangi kwa siku tatu. Alipolifunua lilikuwa safi. Siku ya tano ute ulikuwa umerudi, mzito zaidi ya awali.

Ndipo nilipoitwa.

Utambuzi

Jambo la kwanza lilikuwa kujua ni kitu gani hasa kilichomo, kwa kuwa ute wa kahawia waweza kuwa wa diatomu, wa sayanobakteria, wa krisofiti au wa dinoflajelati, vyote vikiwa viumbe wadogo mno, na dawa ya kimoja ni chakula cha kingine. Kuna jaribio rahisi linaloweza kufanywa na mtu asiye na hadubini. Nyonya ute kidogo, utie kwenye chupa yenye maji ya tangi, utikise kwa nguvu hadi uvunjike kabisa, uchuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa, kisha maji yaliyochujwa yaweke chini ya taa kwa saa moja. Seli za dinoflajelati hupita kwenye karatasi na hujikusanya tena kuwa nyuzi. Katika chupa yetu nyuzi zilianza kuonekana kabla saa haijaisha.

Hadubini ya shuleni yenye ukuzaji wa mara 400 ilimaliza mjadala. Seli zilikuwa na umbo la tone la maji, upande mmoja umechongoka, na kila moja ilikuwa ikizunguka mahali pamoja kana kwamba ncha yake imefungwa kwa kamba. Huo ni mwendo wa Ostreopsis, jenasi mojawapo ya dinoflajelati. Utambuzi wa jenasi si wa kujionyesha kitaalamu. Ostreopsis huacha mawe usiku na kuelea majini, hivyo taa ya urujuanimno (UV), ambayo huua viumbe wanaopitishwa mbele yake, huweza kuipata. Amphidinium, jenasi nyingine ambayo umbo lake ni bapa na ambayo huteleza badala ya kuzunguka, hukaa mchangani usiku na mchana, na taa hiyo haiisumbui.

Kuna suala la usalama pia. Ostreopsis hutengeneza sumu za jamii ya palitoksini, ambayo ni sumu kali sana. Mwaka 2005, katika pwani ya Genoa nchini Italia, watu wapatao 200 walihitaji matibabu baada ya kuvuta hewa yenye matone ya bahari iliyokuwa na mlipuko wa viumbe hawa. Tangi la nyumbani ni dogo kuliko bahari, lakini familia iliagizwa kuvaa glavu na miwani, kuacha kabisa kunyonya mpira kwa mdomo, na kufungua dirisha wakati wa kusafisha. Vifo vya konokono vilikuwa ushahidi wa kutosha kwamba sumu ipo.

Upimaji mpya ulitoa naitreti isiyopimika, fosforasi 1, ualkali dKH 10.8.

Uamuzi wa kurudisha virutubisho

Mwenye tangi alishtuka nilipomwambia kwamba tutanunua naitreti na fosfeti na kuzitia majini. Ilikuwa haki yake kushtuka. Alikuwa ametumia wiki nyingi na fedha nyingi kuzitoa. Maelezo niliyompa ni haya. Dinoflajelati wa aina hii hushamiri pale washindani wao, yaani mwani wa kijani, diatomu na bakteria wa juu ya mawe, wanapokosa chakula. Wao wenyewe hustahimili njaa, kwa kuwa wengi wao, mbali ya kutumia mwanga, hula pia viumbe wadogo. Maji yakiwa matupu uwanja unabaki wao peke yao. Kuzima taa kunawapunguza kwa muda, lakini hakumrudishi mshindani hata mmoja, na kubadilisha maji kwa maji mapya yasiyo na virutubisho kunazidisha utupu ule ule.

Punje za oksidi ya chuma ziliondolewa siku hiyo hiyo. Siki haikukatwa ghafla, kwa sababu bakteria waliozoea kulishwa wakifa wote kwa pamoja wangeweza kunyang'anya oksijeni, na katika maji ya nyuzi 26 oksijeni si nyingi. Ilipunguzwa kwa nusu, kisha nusu tena, hadi ikaisha ndani ya wiki mbili. Skima iliachwa ifanye kazi kwa ajili ya hewa, ila ikarudishwa kwenye povu zito. Kubadilisha maji kulisimamishwa. Samaki walirudishiwa chakula chao cha kawaida, na ualkali ukaachwa ushuke wenyewe hadi karibu na dKH 8.

Virutubisho vilitiwa kwa vimiminika viwili vilivyotayarishwa kwa maji ya RO. Cha kwanza ni gramu 137 za naitreti ya sodiamu zilizoyeyushwa kufikia lita moja, ambapo kila mililita ina miligramu 100 za naitreti. Mililita 8 hupandisha lita 400 kwa 2. Cha pili ni gramu 1.43 za fosfeti ya potasiamu, ile yenye potasiamu moja, katika lita moja, ambapo kila mililita ina miligramu 1 ya fosfeti. Mililita 20 hupandisha tangi hilo kwa 0.05. Tulilenga naitreti kati ya 5 na 10, na fosfeti kati ya 0.05 na 0.10.

Naitreti ilifika tulipotaka ndani ya siku nne. Fosfeti ilikuwa na habari nyingine. Jioni tulitia mililita 20, baada ya saa moja kifaa kikasoma 15, ambayo ni kama 0.046, na asubuhi kikasoma 2. Siku ya pili ikawa vile vile, na siku ya tatu pia. Mawe na mchanga wa kalisi hunasa fosfeti kwenye nyuso zake na kuiachia kwa mizani na maji; mawe haya yalikuwa yameshaachia akiba yao yote kwa punje za chuma na bakteria, na sasa yalikuwa yanajijaza upya kabla ya kuyaachia maji chochote. Mtu asiyejua hili angedhani kimiminika chake ni kibovu, au angetia mara kumi kwa hasira. Tulishikilia kiasi kile kile kila jioni, na ilichukua karibu wiki mbili kabla asubuhi haijatoa namba inayosomeka.

Katika wiki hiyo hiyo ya kwanza iliwekwa taa ya urujuanimno ya wati 36, kwa kanuni ya watunzaji ya takribani wati 1 kwa kila lita 11. Maji yake yalichotwa moja kwa moja kutoka tangi la juu na kurudishwa huko huko, kwa mkondo wa polepole. Makaa amilifu yaliwekwa kwa ajili ya sumu na kubadilishwa kila wiki.

Matokeo

Wiki ya tatu tangu kuanza kwa matibabu nyuzi za kahawia hazikuonekana tena kwa macho, na sampuli ya mchanga chini ya hadubini ilitoa seli chache tu. Kisha ukaja mwani wa kijani, kwanza kama vumbi kwenye kioo, baadaye kama nywele kwenye mawe ya juu. Familia haikuupenda. Mimi niliufurahia kwa dhati, kwa sababu ulikuwa ushahidi kwamba washindani wamerudi kazini. Ulikaa karibu miezi miwili na kupungua baada ya konokono wapya kuingizwa.

Acropora 3 kati ya 5 zilikufa. Mbili zilizobaki zilipoteza matawi ya juu lakini zilianza kufunika mifupa kutoka chini. Montipora zote zilipona, moja ikiwa na kovu kubwa. Euphyllia, ambayo ilikuwa imejikunja hadi mfupa unaonekana, ilifunguka tena ndani ya wiki mbili tangu fosfeti ianze kusomeka. Konokono karibu wote walikufa. Samaki hawakupotea. Miezi mitatu baadaye, bila kutia kirutubisho chochote, tangi lilikaa kwenye naitreti 8 na fosfeti 0.07, yaani karibu pale pale lilipokuwa kabla ya safari.

Uchambuzi

Swali la kwanza ni kwa nini virutubisho vilipanda, na jibu lake linabadilisha maana ya yote yaliyofuata. Chukua gramu 3 za chakula kikavu chenye asilimia 45 ya protini. Humo mna gramu 1.35 za protini, na protini huwa na takribani asilimia 16 ya nitrojeni, yaani gramu 0.22. Nitrojeni hiyo yote ikigeuka kuwa naitreti inafika karibu gramu 1, ambayo katika lita 400 ni miligramu 2.4 kwa lita kila siku. Fosforasi ikiwa asilimia 1 ya chakula, fosfeti inayoingia kwa siku ni kama 0.23 kwa lita, karibu sawa na ile 0.28 iliyomtisha kila mtu. Kinachoingia kwa siku moja ni kikubwa sana ukilinganisha na kinachoonekana kwenye kifaa. Sehemu kubwa huchukuliwa na samaki, mwani, bakteria, matumbawe na skima kabla hatujapima. Kipimo ni salio tu la akaunti, hakionyeshi mzunguko wake.

Kwa hiyo sababu ilikuwa mashine ya chakula, na iliisha siku mwenye tangi alipoizima. Kama angerudisha ulishaji wa kawaida, akabadilisha soksi na kubadilisha asilimia 15 ya maji kila wiki, naitreti ya 45 ingeshuka hadi karibu 24 kwa wiki nne kwa ubadilishaji wa maji pekee, bila kuhesabu kazi ya tangi lenyewe. Fosfeti ingechelewa zaidi kwa sababu ya mawe, na kiasi kidogo cha oksidi ya chuma, robo ya kile kinachopendekezwa, kingetosha kuivuta polepole. Badala yake tatizo la muda lilipewa mitambo ya kudumu, na hakuna hata mmoja uliowekewa mpaka wa kusimamishwa.

Suala la pili ni mpangilio wa kushuka. Fosfeti ilifika sifuri wiki ya pili, naitreti wiki ya sita. Katikati hapo palikuwa na mwezi mzima wa nitrojeni nyingi bila fosforasi, na ndipo matumbawe yalipopauka. Mwaka 2013 Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba matumbawe yanayopata nitrojeni nyingi huku fosfeti ikikosekana hupauka kwa urahisi zaidi yanapokabiliwa na mwanga na joto. Mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe huhimizwa na nitrojeni kuongezeka, lakini hauna fosforasi ya kujengea utando wake, na mwanga ule ule uliokuwa chakula unaugeukia kuwa madhara. Dalili za wiki ya tatu zinaendana na maelezo haya, na upande uliopauka kwanza ulikuwa ule unaoelekea taa. Mwenye tangi aliitafsiri dalili ya njaa kuwa dalili ya uchafu kwa sababu alikuwa akiitazama naitreti peke yake.

Wapo wanaotumia uwiano wa Redfield kama usukani, yaani atomi 16 za nitrojeni kwa 1 ya fosforasi, ambao kwa uzito wa naitreti na fosfeti ni karibu 10 kwa 1. Alfred Redfield aliupata kutokana na planktoni (viumbe wadogo wanaoelea majini) na maji ya bahari kuu, na siuoni kuwa wa kufaa kulenga kwa namba katika tangi. Linalofaa zaidi ni kuhakikisha kwamba hakuna kati ya hivi viwili kinachofika mahali kisipopimika.

Ualkali wa dKH 10.5 haukudhuru wakati virutubisho vilipokuwepo. Vilipoondoka, mifupa ilihimizwa kukua na kemia ya maji wakati nyama haina nguvu ya kuifuata, na ncha zikaungua. Watunzaji wengi wanaotumia siki au njia zinazofanana nayo huweka ualkali kati ya 7 na 8.5 kwa sababu hiyo hiyo, na duka lililouza siki na punje pamoja lilipaswa kuuliza anatumia chumvi gani.

Hoja inayotolewa mara kwa mara kutetea maji matupu ni kwamba miamba ya asili ina fosfeti ndogo mno, na ni kweli. Maji ya juu ya miamba mingi yana fosfeti chini ya 0.03 na naitreti chini ya 0.5. Lakini miamba hiyo hupitiwa na maji mapya mchana na usiku, yakiwa yamebeba planktoni, kinyesi cha maelfu ya samaki na chembe za kila namna. Namba ni ndogo na mlo ni mkubwa. Tangi la lita 400 lenye samaki 7 wanaopunjwa chakula, na skima inayotoa povu jepesi saa 24, lina namba ndogo na mlo mdogo pia.

Kuhusu matibabu, uondoaji wa haraka wa oksidi ya chuma na utiaji wa fosfeti bila kukata tamaa ndivyo ninavyovipa uzito mkubwa katika kupona kwa Euphyllia na Montipora, kwa kuwa urejeaji wao ulifuatana na fosfeti kusomeka, si na kutoweka kwa nyuzi. Katika kutoweka kwa Ostreopsis siwezi kutenganisha mchango wa taa ya urujuanimno na ule wa virutubisho, maana vilianza pamoja. Konokono walikuwa wakifa kila siku na kusubiri kimoja kionyeshe matokeo kabla ya kuanza kingine kungegharimu wanyama zaidi. Ingekuwa Amphidinium, taa hiyo isingesaidia, na tungelazimika kutegemea virutubisho, viumbe wapya wa mchangani, na pengine kutia silikati kidogo ili diatomu ziutwae mchanga, mpango unaochukua miezi badala ya wiki.

Mwenye tangi sasa anaandika fosfeti kwa safu mbili, namba ya kifaa na namba baada ya kuzidisha. Mashine ya kulisha hujaribiwa wiki mbili kabla ya safari, chakula chake kikipimwa kwa mizani ya jikoni, na kichujio cha oksidi ya chuma kinakaa kabatini kikiwa kikavu, kikiwa na karatasi iliyobandikwa: kiasi robo, acha fosforasi ikifika 20.